Chembe Kubwa, Chembe Ndogo: Jinsi ya Kukokotoa Vumbi la Nyuklia Litaanguka Wapi na Lini

Kabla ya kufungua tarakilishi, panda ngazi. Sisi tulipanda hadi ghorofa ya tatu ya nyumba moja mtaani Umoja, Nairobi, tukiwa na kikombe cha mchanga, kikombe cha majivu ya jiko na chekecheke ya unga. Chini uani tulitandaza karatasi nne za manila nyeupe. Mchanga tulikuwa tumeupitisha kwenye nyungo mbili za maabara ya udongo, ule wa mikromita 212 na ule wa 150, kwa hiyo tulijua kila chembe iko kati ya vipimo hivyo viwili. Mwanafunzi mmoja alishika simu yenye saa ya kupima sekunde, mwingine akaanza kuchekecha taratibu.

Mita tisa kwenda chini. Chembe za kwanza zilipiga manila kati ya sekunde ya tano na ya sita, za mwisho zikafika kwenye ya nane hivi. Zilitua karibu na ukuta, upana usiozidi hatua mbili. Halafu tukachekecha majivu. Punje chache nzito zilianguka hapo hapo, na yaliyobaki yakasimama hewani kama moshi, yakageuka na upepo, yakavuka ua na kutua kwenye shuka zilizoanikwa na jirani. “Mwalimu, hayo majivu mnayapeleka wapi?” akauliza mama mwenye shuka, na haki ilikuwa yake, tulishuka tukamwomba radhi, tukazifua.

Swali lake ndilo somo lenyewe. Ukiweza kulijibu kwa hesabu kuhusu majivu ya jiko, unaweza kulijibu kuhusu vumbi lenye mnururisho, kwa sababu hewa haiulizi chembe imebeba nini. Inachojali ni ukubwa wake, densiti yake na umbo lake. Mwongozo huu ni wa walimu wa fizikia, wanafunzi wa mazingira na watu wa huduma za dharura wanaotaka kuelewa ramani za hatari zinachorwaje. Unahitaji lahajedwali tu; LibreOffice inatosha.

Angalizo moja kuhusu jaribio la ngazi: usimwage konzi nzima kwa pamoja. Chembe nyingi zikianguka kwa kundi huburuta hewa na kushuka kwa kasi kuliko chembe moja moja, na vipimo vyako vitakudanganya. Chekecha.

Hatua ya 1: Kasi ya kuanguka

Mwaka 1851 George Gabriel Stokes aliandika kanuni ambayo hadi leo ndiyo mlango wa kazi hii. Kwa chembe ndogo ya mviringo inayoshuka hewani:

kasi = (densiti ya chembe × mvuto × kipenyo × kipenyo) ÷ (18 × mnato wa hewa)

Densiti ya hewa yenyewe nimeiacha nje kwa kuwa ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mchanga. Weka densiti ya kilo 2,600 kwa mita ya ujazo, mvuto 9.8, na mnato wa hewa (jinsi hewa inavyokinza kitu kinachopita ndani yake) 0.000018. Kipenyo kiwe kwa mita: mikromita 10 ni 0.00001.

Tazama kipenyo kimejirudia mara mbili. Chembe yenye kipenyo mara kumi huanguka kwa kasi mara mia. Hapo ndipo kila kitu kinachofuata kinapotoka. Chembe ya mikromita 10 inakupa karibu milimita 8 kwa sekunde. Ya mikromita 20 inakupa sentimita 3. Ya mikromita 100, kanuni inasema sentimita 79 kwa sekunde, na hapa ndipo kanuni inapoanza kukosea.

Kosa linatokana na hewa kuvurugika nyuma ya chembe inayokwenda kasi. Kipimo cha mvurugiko huo ni namba ya Reynolds: densiti ya hewa × kasi × kipenyo ÷ mnato. Ikipita 1, usiamini Stokes peke yake. Gawanya kasi yake kwa (1 + 0.15 × Reynolds kwa kipeo cha 0.687). Kwa kuwa Reynolds yenyewe inahitaji kasi, unazunguka: kisia kasi, piga hesabu, rudisha jibu ndani, rudia mara nne au tano hadi namba itulie. Chembe ya mikromita 100 inatulia kwenye sentimita 59 kwa sekunde, na ya 200 kwenye mita 1.53. Wanafunzi wengi huruka sehemu hii kwa sababu ya mzunguko huo. Msiiruke. Bila masahihisho, chembe ya 200 ingepewa zaidi ya mita 3 kwa sekunde, maradufu ya ukweli, na ramani yote ya karibu na chanzo ingeharibika.

Densiti ya hewa niliyotumia ni kilo 1.0 kwa mita ya ujazo, si 1.2 iliyo vitabuni, kwa kuwa Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Je, chembe huanguka upesi zaidi Nairobi? Zile kubwa, ndiyo, kidogo. Zile ndogo, hapana, kwa sababu densiti ya hewa haizibani. Kinachozibana ni mnato, na mnato hutegemea joto, si mwinuko. Hili linawashangaza hata watu waliosoma.

Chini ya mikromita 1 kuna jambo jingine: chembe ni ndogo kiasi cha kuteleza katikati ya molekyuli za hewa, kwa hiyo huanguka upesi kidogo kuliko Stokes anavyosema. Tofauti ni asilimia 16 hivi kwenye mikromita 1. Si ya kukunyima usingizi, kwa sababu chembe hizo haziletwi ardhini na mvuto, kama tutakavyoona.

Hatua ya 2: Muda, kisha umbali

Gawanya kimo kwa kasi, upate muda. Zidisha muda kwa upepo, upate umbali. Tuchukue wingu la mazoezi lililosimama mita 5,000 juu ya ardhi, na upepo wa mita 10 kwa sekunde usiobadilika:

Mikromita 200: dakika 54, kilomita 33.
Mikromita 100: saa 2 na dakika 21, kilomita 85.
Mikromita 50: saa 7.7, kilomita 278.
Mikromita 20: saa 44, kilomita 1,590.
Mikromita 10: siku 7.4, na umbali hauna maana tena, kwa kuwa hakuna upepo unaodumu wiki nzima bila kugeuka.

Unywele wa mtu ni kama mikromita 70 kwa unene. Kwa hiyo tofauti kati ya vumbi linaloanguka wilaya jirani na lile linalovuka mipaka ya nchi tatu ni tofauti kati ya unywele na robo ya unywele.

Historia inathibitisha pande zote mbili. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la Castle Bravo kwenye kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki, la nguvu ya megatani 15. Mlipuko ulisaga matumbawe na kuyarusha angani. Saa chache baadaye majivu meupe yaliwaangukia watu wa kisiwa cha Rongelap, zaidi ya kilomita 150 mashariki, na watoto waliyachezea. Yaliiangukia pia meli ya wavuvi wa Japani, Daigo Fukuryu Maru, iliyokuwa na watu 23. Mwendeshaji redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huo. Fanya hesabu kinyume: chembe iliyotoka kimo cha kilomita 20 na kufika ndani ya saa 5 ilihitaji wastani wa mita 1.1 kwa sekunde. Hiyo ni chembe ya zaidi ya mikromita 100, inayoonekana kwa macho na kuhisika mkononi. Ndivyo walionusurika walivyosimulia: unga uliotua kwenye nywele na ngozi.

Upande wa pili ni Chernobyl, Ukraine, ambako kinu cha nyuklia kililipuka 26 Aprili 1986. Vipande vizito vya fueli vilianguka karibu na kinu. Lakini siku mbili baadaye mitambo ya kinu cha Forsmark, Uswidi, zaidi ya kilomita 1,000, iligundua mnururisho kwenye viatu vya wafanyakazi. Nyingi ya hizo zilikuwa chembe ndogo mno, za mikromita chache au pungufu.

Hatua ya 3: Usitumie ukubwa mmoja

Hili ndilo kosa nililolifanya mwenyewe mara ya kwanza, na ndilo ninaloliona kila mwaka. Nilichukua kipenyo cha wastani, nikapata duara moja zuri kwenye ramani, nikalichapisha na kulibandika ukutani. Mwanafunzi akaniuliza, “Mwalimu, kwa hiyo kati ya chanzo na duara hakuna kitu?” Nikalibandua siku hiyo hiyo. Wingu halina ukubwa mmoja wa chembe.

Ukubwa wa chembe kwa kawaida hufuata mgawanyo wa lognomali: ukichora kwa logi ya kipenyo, unapata kengele. Unahitaji namba mbili, kipenyo cha kati na kipimo cha mtawanyiko. Kwa mazoezi tuseme uzito wa vumbi una kipenyo cha kati cha mikromita 60 na mtawanyiko wa 3. Kwenye seli andika:

=LOGNORM.DIST(20;LN(60);LN(3);1)

Jibu ni 0.16, yaani asilimia 16 ya uzito iko kwenye chembe zilizo chini ya mikromita 20. Badilisha 20 iwe 60, upate nusu. Iwe 180, upate asilimia 84. Toa moja kwa nyingine na una mafungu manne: 16, 34, 34, 16. Kwa kazi halisi kata mafungu ishirini au zaidi, na uyakate kwa kuzidisha (10, 14, 20, 28...) badala ya kujumlisha, la sivyo chembe ndogo zote zitabanana kwenye fungu moja.

Hatua ya 4: Mnururisho umekaa wapi kwenye chembe

Hapa tunakaa kidogo, maana ndiko mfano wa kawaida wa vumbi unapoachana na mfano wa nyuklia.

Moto wa nyuklia huvukiza karibu kila kitu, kisha wingu likipoa vitu huganda kwa zamu. Vile vinavyoganda mapema, kwenye joto kali, kama zirkonia, hunaswa ndani ya chembe ikiwa bado tone la kuyeyuka. Vimeenea katika mwili mzima wa chembe, kwa hiyo hufuata ujazo, yaani kipenyo × kipenyo × kipenyo. Vile vinavyoganda kwa kuchelewa, kama iodini na sesi, hukuta chembe zimeshakuwa ngumu, vikajipaka juu kama masizi kwenye sufuria. Hivyo hufuata eneo la uso, yaani kipenyo × kipenyo.

Tofauti ya kipeo kimoja tu, na tazama inafanya nini. Kwa mgawanyo wetu uleule, kipenyo cha kati cha uso hupatikana kwa kuzidisha kile cha uzito kwa EXP(-(LN(3)^2)). Mikromita 60 inashuka hadi 18. Rudia fomula ya lognomali ukiweka 18 mahali pa 60: sasa asilimia 54 ya kilichojipaka juu iko chini ya mikromita 20, wakati ya kilichonaswa ndani ni 16 tu.

Yaani wingu moja, ramani mbili. Vumbi linaloanguka karibu lina uhaba wa sesi na iodini, na lile linalokwenda mbali limejaa hizo hizo. Ndiyo sababu huwezi kupima udongo wa kilomita 30 kutoka chanzo, ukagawanya kwa umbali, ukadhani umejua kilichofika kilomita 1,000. Iodini-131 ina nusu-uhai (muda wa mnururisho wake kupungua hadi nusu) wa siku 8 na huingia kwenye maziwa kupitia nyasi. Sesi-137 ina nusu-uhai wa miaka 30 hivi na hukaa ardhini. Ndizo hasa zilizowafikia watu wa mbali Ulaya mwaka 1986, si vipande vizito vya fueli.

Kwenye lahajedwali tengeneza safu mbili za hisa kwa kila fungu la ukubwa, moja ya ujazo na moja ya uso, na usizichanganye hadi mwisho.

Hatua ya 5: Ukubwa ni saa pia

Mnururisho wa mchanganyiko mpya wa mlipuko hupungua haraka. Watu wa kinga ya raia hutumia kanuni rahisi: kila muda unapozidishwa kwa saba, kiwango hugawanywa kwa kumi. Kwa hesabu ni muda kwa kipeo cha −1.2. Ukichukua saa ya kwanza kuwa 1, chembe yetu ya mikromita 100 inatua ikiwa na kiwango cha 0.36, ya 50 ikiwa na 0.086, na ya 20, baada ya saa 44, ikiwa na 0.011.

Kwa hiyo chembe kubwa ina makosa mawili kwa pamoja: huanguka karibu na huanguka ikiwa bado na mnururisho mkali. Ndogo huachilia sehemu kubwa ya ukali wake angani. Zidisha kila fungu kwa kiwango cha saa yake ya kutua. Kwa iodini na sesi usitumie kipeo hicho. Tumia nusu-uhai wa kila moja. Kanuni ya saba kwa kumi ni ya mchanganyiko wa mlipuko, haihusu ajali ya kinu, ambako vitu vilivyokaa muda mrefu ndani ya fueli ni vingi zaidi na kushuka ni kwa polepole.

Hatua ya 6: Upepo wa tabaka kwa tabaka

Upepo wa ardhini si upepo wa juu. Idara ya Hali ya Anga hurusha puto la vipimo kutoka Dagoretti Corner, na vipimo vya kituo hicho, namba 63741, hupatikana kwenye intaneti. Ndiyo sababu ninaweka chanzo changu cha mazoezi hapo, si kwa kuwa kuna kinu Ngong Road.

Gawanya kimo katika tabaka. Kwa kila tabaka: unene ÷ kasi ya kuanguka = muda; muda × upepo = msogeo; kisha jumlisha misogeo, mashariki-magharibi peke yake na kaskazini-kusini peke yake. Tuseme msimu wa kaskazi, mita 2,000 za chini zina upepo wa mita 5 kwa sekunde kutoka kaskazini mashariki, na 3,000 za juu zina upepo wa mita 10 kutoka mashariki. Chembe ya mikromita 100 inasogea kilomita 51 magharibi huko juu, kisha 12 magharibi na 12 kusini huku chini. Jumla: 63 magharibi, 12 kusini. Imeshavuka vilima vya Ngong na kuingia Bonde la Ufa. Msimu wa kusi mkia huo wa mwisho ungepinda upande wa kaskazini.

Sasa fanya ya mikromita 50. Utapata 206 magharibi na 39 kusini: mwelekeo uleule kabisa, umbali mara 3.28. Chembe zote zilizotoka kimo kimoja hutua kwenye mstari mmoja ulionyooka, kubwa zikiwa karibu na ndogo zikiwa mbali, mradi upepo usibadilike wakati zinaanguka. Ukibadili kimo, mstari unageuka. Mistari ya vimo mbalimbali ikipangwa pamoja ndiyo inayotengeneza lile umbo la upepeo unaloliona kwenye ramani. Wanafunzi wakishauchora mstari huo kwa mkono wao, ramani za vitabuni huacha kuwa fumbo.

Kumbuka pia ardhi si meza. Ziwa Magadi liko takriban mita 600 kutoka usawa wa bahari, kilomita moja chini ya Nairobi. Chembe inayoelekea huko ina kilomita nzima ya ziada ya kuanguka, na ya mikromita 50 itahitaji saa moja na nusu zaidi. Ingiza mwinuko wa mahali inapotua, urudie hesabu.

Hatua ya 7: Chembe ndogo, na mvua

Chini ya mikromita 5 au hivi, weka Stokes kando. Chembe ya mikromita 1 kwa mvuto peke yake ingechukua mwaka mmoja na nusu na zaidi kushuka mita 5,000. Haishuki hivyo. Husukwasukwa na upepo, hugusa majani, paa na nyasi, hunasa. Kwa sesi watu hutumia kasi ya kutua ya milimita 1 kwa sekunde, mara kumi ya mvuto wake, na kwa mvuke wa iodini sentimita 1 kwa sekunde. Kiasi kinachotua ni kasi hiyo × wingi hewani.

Halafu mvua. Tuchukue tabaka la hewa la mita 1,000. Bila mvua, milimita 1 kwa sekunde huondoa asilimia 0.36 ya chembe kwa saa. Mvua ya wastani yenye kiwango cha kuosha cha 0.0001 kwa sekunde huondoa asilimia 30 kwa saa hiyo hiyo. Mara themanini na zaidi. Mvua moja ya masika ya alasiri Nairobi inaweza kuamua mtaa upi uchafuke na upi upone. Baada ya Chernobyl, malisho ya kondoo huko Wales, zaidi ya kilomita 2,000, yalichafuka kwa sababu mvua ilinyesha wingu lilipopita, na vizuizi vya mwisho kwa wafugaji viliondolewa mwaka 2012.

Kwa hiyo modeli isiyo na safu ya mvua inafaa kwa chembe za zaidi ya mikromita 50 pekee. Kwa zilizo chini ya hapo, ramani ya mvua ina uzito kuliko ramani ya upepo.

Hatua ya 8: Ikague

Jumlisha hisa za mafungu yote kwenye ramani pamoja na zilizobaki hewani. Lazima zifike 1. Zisipofika, kuna fungu limepotea, na mara nyingi ni lile la mwisho la chembe ndogo. Punguza upana wa mafungu kwa nusu. Ramani ikibadilika sana, hukuwa umekata ya kutosha. Kisha badilisha kipenyo cha kati kutoka 60 hadi 30 na uangalie mji gani unaingia na upi unatoka. Zoezi hilo la mwisho ndilo ninalowapa watu wa dharura, maana kwenye tukio la kweli ukubwa wa chembe ndicho kitu cha mwisho kujulikana, na uamuzi wa kuwaambia watu wajifungie ndani au waondoke hauwezi kuungoja.

Ukishaielewa lahajedwali yako, hamia HYSPLIT, programu ya bure ya NOAA, shirika la bahari na anga la Marekani. Itakuuliza kipenyo, densiti na umbo la chembe. Wengi huacha namba zilizomo wakabonyeza kuendelea. Jaribu kwanza chembe yako ya mikromita 100 yenye densiti ya 2.6 (hapo ni gramu kwa sentimita ya ujazo), na uone kama inatua karibu na pale ulipoiweka kwa mkono.